Ukiona Vyaelea, Vimeundwa

Walimu wangu, ndugu zangu, nanyi wanafunzi mliokaa safu ya nyuma kabisa mkidhani siwaoni: shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo.

Kabla sijaingia kwenye mada niwaeleze habari ya karatasi hizi kumi na mbili mkononi mwangu. Mlipokuwa mnaingia niliwakamata watu kumi na wawili mlangoni, nikampa kila mmoja karatasi. Sita niliwapa na sarafu, nikawaambia: rusha mara mia, kila mara andika P ikilala picha juu, N ikilala namba juu. Sita wengine sikuwapa sarafu. Hao niliwaambia wabuni tu, waandike herufi mia kana kwamba wanarusha. Hakuna aliyeandika jina. Kisha nikaketi pale pembeni kuzibagua, za sarafu huku, za kubuni kule. Mwenyekiti amezihakiki sasa hivi. Nimepatia kumi, nimekosea mbili.

Sina uganga. Nilitafuta kitu kimoja tu, mfululizo mrefu. Sarafu haina haya. Ukiirusha mara mia, ni nadra sana isikupe picha tano za kufuatana au namba tano za kufuatana, na mara nyingi hufika sita. Binadamu hawezi. Akishaandika P tatu mkono unaanza kumwasha, anajiambia hii sasa imezidi, nitagundulika, anatia N. Mmoja wenu, sitamtaja maana anacheka mwenyewe, ameandika herufi mia na hakuna mahali hata pamoja herufi imefuatana zaidi ya mara tatu. Kwa kukwepa kuonekana amepanga, amepanga.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Tumezoea kuutumia msemo huu kumsifu mtu aliyehangaika mpaka mambo yake yakanyooka. Leo nataka tuusome kwa jicho la fundi. Jahazi linaloelea lina aliyelichonga, na mchongaji huacha alama za tezo lake kwenye mbao. Michezo ya bahati tunayoiona kwenye televisheni nayo imeundwa. Iliundwa na mtu aliyekuwa na bajeti, na tarehe ya kukabidhi kazi, na mkono unaomwasha kama wako. Watu ninaotaka kuwasimulia hawakuwa na bahati kubwa kuliko wengine. Walizitafuta alama za tezo.

Tuanze na aliye maarufu kuliko wote.

Septemba 1983 kituo cha CBS cha Marekani kilianza kurusha mchezo wa mchana unaoitwa Press Your Luck. Fikirieni ubao mkubwa wenye miraba 18 iliyopangwa kuzunguka kama fremu ya picha. Ndani ya mraba kuna fedha, au safari, au zawadi nyingine. Na katika baadhi ya miraba kuna kijizimwi chekundu cha katuni kinachoitwa Whammy. Ukikiangukia kinakomba fedha zako zote, unabaki na sifuri. Taa inarukaruka kutoka mraba hadi mraba upesi kiasi kwamba jicho haliishiki, na vilivyomo ndani ya miraba navyo vinabadilika kila baada ya muda mfupi. Wewe una kitufe kimoja. Unabonyeza, taa inasimama, unapewa ulichoangukia; huo ndio mzunguko mmoja. Kwa mtu aliyeketi sebuleni hiyo ni vurugu tupu, na ndivyo ilivyokusudiwa ionekane.

Katika mji mdogo wa Lebanon, jimbo la Ohio, kulikuwa na mwanamume anayeitwa Michael Larson. Alikuwa mtu wa kubangaiza, wakati fulani dereva wa gari la kuuza aiskrimu. Alikuwa na televisheni kadhaa ndani ya nyumba, na alikuwa na deki ya video. Akawa anarekodi kila kipindi, anarudisha mkanda nyuma, anausimamisha picha moja moja. Hakufanya hivyo jioni moja. Ilikuwa ni wiki baada ya wiki, miezi. Wasimulizi wengi wakifika hapa hukimbia waende kwenye fedha, lakini mimi naomba tukae kidogo, maana hapa ndipo penye kazi. Jaribuni kupata picha ya mtu mzima ameinama mbele ya kioo, kidole kwenye kitufe cha kusimamisha, anaandika namba: mraba wa 4, wa 7, wa 13. Anasonga picha moja mbele. Anaandika tena. Majirani wangesema amerukwa na akili, na mpaka hapo wasingekuwa na kosa.

Alichokiona ni hiki. Taa haikuruka ovyo. Ilikuwa na njia tano tu. Tano! Kila mzunguko mashine iliokota njia moja kati ya hizo tano na kuifuata hatua kwa hatua, na njia ikiisha inajirudia. Kisha akaona jambo la pili, na hili ndilo lililomtajirisha: mraba wa 4 na mraba wa 8 haikuwahi hata mara moja kuwa na Whammy. Daima ilikuwa na fedha. Na katika duru ya pili ilitoa fedha pamoja na mzunguko wa ziada. Mraba wa 4 peke yake ulikuwa ukitoa dola 3,000, au 4,000, au 5,000, na juu yake unaambiwa cheza tena. Pimeni wenyewe maana yake. Kila mzunguko unaoutumia unarudishiwa. Mchezo hauna mwisho mpaka uchoke mwenyewe. Waliouunda walifungua bomba wakasahau kuweka koki.

Kuona njia ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kidole. Larson alijizoeza nyumbani kwa kutumia kitufe cha deki: anaucheza mkanda, anaifuata taa, anausimamisha palepale taa inapofika 4 au 8. Alipokuwa hakosei tena, akachota katika akiba ndogo aliyokuwa nayo, akapanda ndege kwenda Los Angeles kufanya usaili. Mmoja wa wasaili alihisi kuna kitu hakijakaa sawa kwa yule bwana. Mkuu wake akampenda, akampitisha.

Kipindi kilirekodiwa tarehe 19 Mei 1984. Akaketi katikati ya washindani wawili, mchungaji mmoja na mama mmoja msaidizi wa daktari wa meno. Mzunguko wake wa kwanza akabonyeza, taa ikasimama kwenye Whammy. Nalipenda sana kosa hilo. Miezi yote ile, na kitufe cha studio hakikuwa kitufe cha nyumbani. Alimaliza duru ya kwanza na dola 2,500, wa mwisho kati ya watatu. Na kwa kuwa wa mwisho ndiye huanza duru ya pili, akaanza yeye.

Kilichofuata hakikuwahi kutokea pale. Akabonyeza: mraba wa 4. Akabonyeza: mraba wa 8. Tena 4. Zaidi ya mara 30 mfululizo, hakuna Whammy. Mwendeshaji wa kipindi, Peter Tomarken, mwanzoni anafurahi naye; baadaye kicheko chake kinakuwa cha mtu asiyejua afanye nini na uso wake. Na kuna jambo dogo ambalo ukishaliona huwezi tena kuacha kuliona. Washindani wengine wakibonyeza, hukodoa macho kwanza waone wameangukia wapi, ndipo washangilie au washike kichwa. Larson hushangilia papo hapo. Mikono inapanda juu kabla hata mtu mwingine studio nzima hajausoma ubao.

Akiwa na dola 102,851 akaipitisha kwa wenzake mizunguko iliyombakia. Alikuwa amechoka. Kuifuata taa ile kwa macho kwa muda wote huo ni kazi ya kubeba mawe. Lakini kwa kanuni za mchezo mizunguko mitatu ikamrudia, na katika ule wa mwisho kidole kikamtangulia kidogo tu. Taa ikasimama mahali asipopalenga. Pangeweza kuwa na Whammy, vyote vikayeyuka. Palikuwa na safari ya Bahamas. Jumla ikawa dola 110,237 kwa fedha na zawadi. Kipindi kilirefuka mno, ikabidi kionyeshwe kwa siku mbili, tarehe 8 na tarehe 11 Juni.

Wakubwa wa CBS walikaa kikao. Walimtafuta kosa wakamkosa. Kanuni hazikumkataza mshindani kuwa makini. Wakamlipa, kisha wakaongeza njia za taa mpaka zikawa 32, na mkanda wenyewe wakaufungia kabatini kwa miaka mingi.

Swali linalonisumbua mimi si kwamba Larson alionaje, bali kwa nini zilikuwa tano. Nadhani, na hili ni langu, aliyeunda ubao alijiuliza swali moja tu: je, mtazamaji ataona? Mwaka wa kuunda jibu lilikuwa hapana. Jicho halisimamishi taa. Hakuhesabu kwamba deki ya video ilikuwa inaingia sebuleni kwa watu, na deki inasimamisha. Kufuli halikuwa bovu. Ufunguo ulizaliwa baadaye.

Sasa nitatoka kidogo kwenye televisheni, mniwie radhi, maana mfano huu siwezi kuuacha. Mohan Srivastava ni mtakwimu wa Toronto, Kanada, aliyekuwa akifanyia kazi makampuni ya madini. Mwaka 2003 alipewa kadi za kukwangua kama zawadi ya utani. Kadi moja ilikuwa na vibao vinane vya namba tisatisa, yaani namba 72 zilizo wazi kabla hujakwangua chochote. Unakwangua upande wa pili upate namba zako. Zikikutana tatu kwa mstari kwenye kibao, umeshinda. Akashinda dola 3. Akiwa njiani kuzifuata dola 3 zake akajiuliza: hizi kadi zinatengenezwaje?

Hapo ndipo kichwa cha mtakwimu kinapolipa. Kampuni ya bahati nasibu haiwezi kuacha kadi zishinde ovyo. Ikiwa imepanga kulipa kiasi fulani, lazima ijue kadi ngapi zitashinda. Kwa hiyo kadi haiwezi kuwa bahati tupu; ni lazima ipangwe na ivalishwe nguo za bahati. Na nguo huwa na mshono. Srivastava alihesabu kila namba imejitokeza mara ngapi katika zile 72. Nyingi zilirudiarudia. Chache zilijitokeza mara moja tu. Tuziite namba pweke. Ukikuta namba pweke tatu kwa mstari mmoja, kadi hiyo karibu kila mara ni ya ushindi, kama mara tisa katika kumi. Bila kukwangua. Ukiwa umesimama dukani na kadi mkononi!

Alifanya hesabu akaona kazi yake ya ushauri inamlipa vizuri kuliko kuzunguka madukani akikodolea kadi. Basi akazibagua kadi 20 zisizokwanguliwa, za kushinda huku, za kushindwa kule, akazituma kwa kampuni. Alikuwa amepatia 19. Mchezo ukaondolewa sokoni. Yeye na mimi leo tumefanya kazi moja, isipokuwa amenizidi maksi.

Turudi studio. The Price Is Right ni mchezo wa kukisia bei, na wengi hudhani ni wa watu wanaopenda kwenda madukani. Terry Kniess wa Las Vegas alikuwa mtabiri wa hali ya hewa. Fikirieni kazi hiyo inamfundisha nini mtu: kutazama kilekile kila siku mpaka uone kinachorudi. Yeye na mkewe Linda walirekodi vipindi kwa miezi, wakaona kwamba bidhaa zinajirudia. Si aina ya bidhaa, bidhaa yenyewe kwa bei ileile. Kuna jiko la kuchomea nyama la kauri ambalo lilikuja tena na tena kwa dola 1,175. Kniess alipoitwa mbele Septemba 2008, kitu cha kwanza walichomwekea kilikuwa jiko hilo. Akataja 1,175 bila kumeza mate.

Mwisho wa kipindi mshindani anatakiwa kukisia jumla ya bei za rundo zima la zawadi. Lake lilikuwa na mashine ya karaoke, meza ya pool na karavani ya kuvutwa na gari. Akasema dola 23,743. Bei halisi ilikuwa dola 23,743. Mpinzani wake naye alikisia rundo lake vizuri ajabu, alikosea kwa dola 494 tu, na siku nyingine yoyote angeondoka bingwa. Kurekodi kukasimama. Nyuma ya pazia watu walidhani wameibiwa. Mwendeshaji, Drew Carey, aliporudi kutangaza alitangaza kwa sauti ya mtu anayesoma bili ya maji, maana aliamini kipindi hakitarushwa kamwe. Kilirushwa Desemba.

Katika hadhira siku hiyo alikuwapo Ted Slauson, mwalimu wa hisabati aliyekariri bei za mchezo ule kwa miaka mingi na aliyekuwa akiwapigia kelele washindani jibu. Nani hasa alimpa nani namba gani, wamebaki wakivutana. Kniess mwenyewe alieleza kwamba 23,000 ilitoka kichwani kwa hesabu, na 743 ilikuwa namba aliyokuwa na mazoea nayo. Kwa hiyo hata hapa, ndugu zangu, kuna robo kibaba ya bahati. Hesabu ilimfikisha mlangoni, bahati ikampa dola ya mwisho.

Jeopardy!, mchezo wa maswali wa televisheni ya Marekani, nitaipitia haraka, ingawa mashabiki wake wataninunia. Ubao una safu sita za mada, kila mada ina maswali matano, rahisi juu, magumu chini. Katika mchezo mzima kumefichwa maswali matatu yanayoitwa Daily Double, ambayo ukiyafungua unaruhusiwa kuweka dau la fedha zako zote. Anayeyaficha ni mtu, si kipepeo. Naye hayafichi juu kabisa kwenye maswali ya kitoto, anayaficha chini, na mstari wa nne kutoka juu ndio anaoupenda. Mshindani Chuck Forrest aliruka kutoka mada hadi mada tangu 1985. Arthur Chu alipofanya hivyo mwaka 2014 kwa kuwinda maswali yale waziwazi, watazamaji walimkasirikia kana kwamba amekula chakula cha wageni. Kati yao alipita Roger Craig, ambaye mwaka 2010 aliandika programu ya kompyuta ya kuchambua maswali yote yaliyokwisha kuulizwa, ajue asome nini na aache nini, akashinda dola 77,000 kwa siku moja. Kisha 2019 akaja James Holzhauer, mcheza kamari kwa kazi, akaanzia chini ya ubao, akaweka madau ya kutisha, akafikia dola 131,127 katika mchezo mmoja. Na aliyemwangusha? Mkutubi, Emma Boettcher, ambaye tasnifu yake ya shahada ya uzamili ilihusu kama kompyuta inaweza kutambua swali gumu la mchezo huohuo. Wawindaji walikuwa wameanza kuwindana.

Wakati wa chai mwalimu mmoja alinivuta pembeni akaniuliza: sasa huu si wizi? Nimjibu mbele yenu.

Wizi tunaujua. Mwaka 1956 katika mchezo wa Twenty-One, watayarishaji wenyewe walikuwa wakimpa mshindani majibu, na mwingine, Herb Stempel, aliamrishwa akosee swali ambalo jibu lake alilijua fika, ili ampishe kijana mwenye sura ya kuvutia watazamaji. Marekani ilibidi itunge sheria mwaka 1960. Mwaka 2001 huko Uingereza, katika mchezo wa maswali wa televisheni, Meja Charles Ingram alifikia pauni milioni moja kwa kusaidiwa na vikohozi vya mtu mwingine studio, na mahakama ikamtia hatiani 2003. Katika visa hivyo kuna mtu aliyepewa kitu ambacho wengine hawakukipata. Larson alipewa nini? Kila mwenye televisheni Marekani nzima alionyeshwa taa ileile, siku tano kwa wiki, bure. Kadi ya Srivastava ilikuwa dukani, namba zake ziko wazi. Mimi nasema hapana, si wizi, na nitabishana na mwalimu wangu mpaka jioni. Ila nakubali kwamba mchungaji na yule mama wa daktari wa meno walionewa siku ile. Walikuja kucheza mchezo mmoja, wakakuta mwenzao anacheza mwingine.

Larson hakuishia vizuri. Kulikuwa na shindano la redio: wasikilizaji hutajiwa namba ya noti ya dola moja, mwenye noti hiyo anapata dola 30,000. Akaenda benki akatoa fedha zake kwa noti za dola mojamoja, maelfu kwa maelfu, akawa anazikagua usiku na mchana. Zamu hii hakukuwa na njia tano. Hakukuwa na mraba wa 4. Kulikuwa na noti nyingi mno na mtu mmoja mkaidi. Siku moja alitoka kwenda kwenye sherehe, wezi wakaingia nyumbani wakazoa makumi ya maelfu ya dola zilizokuwa zimelala ndani. Alifariki mwaka 1999.

Nimeambiwa mkanda wa kile kipindi umepatikana na mashine iko tayari. Kijana wa swichi, naomba utuzimie taa. Mkitaka kuukodolea ubao mtaukodolea, lakini mimi nawashauri muitazame mikono yake. Na msiupishe mzunguko wa kwanza, ule wa Whammy: angalieni anavyousoma ubao baada ya kukosea, anavyotikisa kichwa kidogo, kisha anakirekebisha kidole.